Karakana Isiyochimba Shimo

Siku Nelius alipoambiwa kwamba kazi imekwisha, alikuwa amepiga magoti chini ya dawati, bisibisi mkononi, anakaza skrubu. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa fundi wa shule moja ya wasichana pale Kaaga, mjini Meru. Vitanda vya bweni, kufuli za makabati, bawaba za madirisha, miguu ya viti, vyote vilikuwa vimepita mikononi mwake. Naibu wa mwalimu mkuu alisimama mlangoni akawa anaangalia viatu vyake mwenyewe.

"Mama Linda, si kwamba umekosa," alimwambia Nelius. "Ni bodi. Wameamua kitu kikivunjika kisitengenezwe tena. Kinunuliwe kipya."

Nelius alimaliza kuikaza ile skrubu kwanza. Kisha akainuka, akajipangusa magoti, akaenda kuchukua mkoba wake.

Hilo la kuachishwa kazi angeweza kulimeza. Kilichomkwama kooni ni lori alilokutana nalo langoni. Lilikuwa limejaa viti vinavyopelekwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na vingine alikuwa amevitengeneza yeye mwenyewe wiki iliyotangulia. Alivitambua kimoja kimoja, kama mfugaji anavyowatambua mbuzi wake wakichanganyika na wa jirani.

Kuhusu mbuzi alijua mengi. Alizaliwa Ruiri, upande ule wa mlima ambako mvua hufika ikiwa imechoka, na watu hulima kwa mkono mmoja na kufuga kwa mwingine. Baba yake, mzee Muthamia, hakuwa na tabia ya kutupa kitu. Tairi iliyoisha ikawa viatu, jembe lililokwisha makali likawa kisu cha kukatia nyasi. Tena alikuwa na desturi iliyowachekesha majirani: hakujenga zizi la kudumu. Zizi lake lilikuwa la fito zilizofungwa kwa kamba, na kila mwezi alilifungua na kulihamishia sehemu nyingine ya shamba. Pale mbuzi walipolala mwezi mzima, mahindi yalikuja kusimama kama askari wa gwaride. Nelius ndiye aliyekuwa akishika fito upande wa pili, kwa sababu kati ya watoto wote yeye tu ndiye hakuchoka upesi. Alipofika umri wa kwenda chuo cha ufundi, akachagua useremala, msichana peke yake darasani. Walimcheka muhula mmoja. Muhula wa pili walikuja kumwomba awanolee patasi zao.

Basi huyo ndiye aliyejikuta, akiwa na miaka hamsini na miwili, anazunguka mjini Meru akitafuta chumba cha kufungulia karakana. Hakukipata. Vile alivyovimudu vilikuwa mbali na watu, na vile vilivyokuwa karibu na watu hakuvimudu. Wiki zikapita. Ndipo siku moja ya soko, akiwa anakata njia nyuma ya vibanda vya mboga, alichungulia kwenye upenyo wa mabati akaona ploti tupu. Duka la zamani lilikuwa limebomolewa hapo. Palibaki udongo, magugu, na rundo la taka ambazo kila mpita njia alikuwa ameongezea zake. Jedidah, mama aliyekuwa akiuza kabeji hapo karibu, alimwambia kwamba mwenye ploti ni Kiunga, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alitaka kujenga ghorofa, lakini alikuwa bado anangoja karatasi za kibali na mkopo wa benki.

"Atangoja mpaka lini?" Nelius aliuliza.

"Nani anajua? Mwaka, miwili. Kwa sasa anafuga panya tu."

Nelius hakuliacha wazo hilo lipoe. Kesho yake asubuhi alikuwa mbele ya kaunta ya Kiunga.

"Muuga, mzee," alimsalimu.

"Muuga. Unataka misumari ya ngapi?"

"Sitaki misumari. Nataka kutumia ile ploti yako ya nyuma ya soko mpaka siku utakayoanza kujenga. Nitaisafisha. Tutakuwa mafundi wachache, tunatengeneza vitu vya watu badala ya watu kuvitupa. Siku ukisema tokeni, tunatoka."

Kiunga alicheka, lakini hakikuwa kicheko cha furaha. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, na alikuwa na kidonda moyoni. "Mama, nilikuwa na ploti Maua. Nikawaonea huruma watu wa kufunga miraa, nikawaambia wakae kidogo. Walianza na turubai moja. Mwaka wa pili wakachimba choo. Mwaka wa tatu nikienda pale, wananiuliza mimi ni nani! Miaka mitano ya korti. Leo nikikuruhusu wewe, kesho utaniambia ni kwenu."

"Mwenye kuchimba ndiye hukataa kuhama," Nelius alisema. "Mimi sichimbi. Baba yangu alikuwa na zizi la kuhamisha. Kila mwezi tulilifungua, na lilipotoka, ardhi ilibaki nzuri kuliko ilivyokuwa. Mimi nitakuwekea karakana ya namna hiyo. Hakuna shimo, hakuna nguzo ya kupigilia, hakuna saruji."

Kiunga akaiinamia kaunta kama mtu anayetega mtego. "Sawa. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, saa sita mchana, nitakuja. Nikute ploti tupu. Tupu kabisa, kama kiganja. Jumatatu mnaweza kurudi. Siku nitakayokuta hata kigingi kimoja, mmekwisha."

Alidhani amemshinda. Nelius alivuta karatasi ya risiti iliyokuwa pale, akaigeuza, akaandika sharti lile kwa mkono, akatia sahihi, akamsogezea kalamu.

Ilimchukua siku sita kuondoa taka. Jedidah alifunga kibanda mapema akaja kumsaidia, na mabaki ya mboga wakayatenga kwenye makreti ili wakulima wayachukue kwa mbolea. Meza Nelius alizitengeneza kwa mbao za kubebea mizigo zilizotupwa nyuma ya maduka, akazifunga bawaba za milango mikuukuu ili zijikunje kama mwavuli. Paa lilikuwa turubai, na nguzo zake zilisimama ndani ya madebe yaliyojazwa mchanga. Kabati la zana lilikaa juu ya magurudumu ya mkokoteni.

Fundi wa pili kufika alikuwa Kaberia, mtengenezaji wa redio na simu, kijana wa miaka thelathini na kitu aliyekuwa na vidole vyepesi na ulimi mkali. Alikuwa amefukuzwa kwenye veranda zote za mji. Aliangalia meza zile zinazojikunja, akaangalia madebe ya mchanga, akasema, "Mama, hii ni karakana ama ni sarakasi?" Lakini aliweka kisanduku chake chini, na hakuondoka tena.

Sheria ya Nelius ilikuwa moja. Mteja haachi kitu chake hapo akaenda zake. Anakaa kwenye benchi kando ya fundi, anakishika kitu, anaona kinavyofunguliwa na kinavyofungwa. "Kikiharibika tena, nusu ya kazi utaifanya mwenyewe," aliwaambia watu.

Siku tatu za kwanza hakuna aliyekuja. Kaberia alijitengenezea redio yake mwenyewe mara mbili ili mikono isilale. Siku ya nne akaingia mkulima mmoja kutoka pande za Ruiri, amebeba mgongoni bomba la kunyunyizia dawa. Dukani walikuwa wamemwambia limekufa, anunue jipya. Nelius alilifungua, akamwonyesha kimpira cha ndani kilichokuwa kimelika. Akakata duara dogo kutoka kwenye tyubu ya baiskeli, akamwachia mkulima mwenyewe alipachike. Yule bwana alijaza maji, akasukuma mpini, akafungua. Maji yaliruka hadi kwenye turubai yakamwagikia Kaberia, redio yake, na akina mama watatu waliokuwa wakichungulia kwenye mabati. Mkulima hakuomba radhi. Alikuwa anacheka kama mtu aliyefufuliwa ng'ombe. Kesho yake alirudi na majirani wanne, kila mmoja na bomba lake.

Hapo mlango ulikuwa umefunguka. Zikaja sufuria zilizotoboka, pasi, taa za sola, viti vya plastiki vilivyopasuka ambavyo Nelius alivishona kwa waya wa moto. Jedidah akabuni lake. Alifunga kamba ndefu kutoka nguzo hadi nguzo, na mzazi ambaye mtoto wake ameizidi sweta ya shule aliitundika pale, akachukua kubwa. Kabla ya shule kufunguliwa kamba ile ilipeperusha rangi za shule zote za mji. Siku moja akaja afisa wa kaunti, akazunguka, akaandika kwenye daftari lake, akasema kwamba hii inaitwa uchumi wa mzunguko.

"Sisi tunaita kutotupa," Kaberia alimjibu bila kuinua kichwa. Afisa naye akaliandika hilo pia.

Nelius alicheka peke yake jioni ile akipanga zana. Kumbe kitu alichofundishwa na mzee wake kina jina la kiofisi!

Lakini Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa kwanza ilikuwa karibu iwamalize. Walianza kufungasha saa tatu wakidhani muda ni mwingi. Kamba zikajifunga, meza moja ikakataa kujikunja, gurudumu la kabati likachomoka. Saa sita kamili, Kiunga akaingia na saa yake mkononi. Ploti ilikuwa tupu isipokuwa jiriwa, kile chuma kizito cha kubania vitu, na juu ya jiriwa alikuwa ameketi Kaberia, koti limetandazwa, anatabasamu kama mgeni aliyekuja kupumzika.

"Inuka," Kiunga alisema.

Kaberia akainuka. Jiriwa likaonekana. Nelius akapiga hatua mbele. Alikuwa tayari kumwambia mzee ukweli wote, kwamba wameshindwa.

"Mwezi ujao," Kiunga alisema akiligusa jiriwa kwa kiatu, "na huyu pia abebwe." Akageuka akaenda, na Jedidah akaapa kwamba mabega ya mzee yalikuwa yakitikisika kwa kicheko.

Tangu siku hiyo Nelius aliwafundisha kuhama kama wengine wanavyofundisha kwaya. Kila mmoja alijua anashika nini, anamfuata nani, kamba ipi inafunguliwa kwanza. Mwezi wa tatu walimaliza kwa saa mbili. Mwezi wa sita walitumia dakika arobaini, na wachuuzi wa soko walikuwa wanaacha biashara kuja kutazama, wengine wakipima muda kwa simu na kupiga makofi nguzo ya mwisho ikilala.

Ikafika miezi kumi na minne. Mafundi walikuwa tisa. Na Jumanne moja, bila kungoja Jumamosi, Kiunga akaingia akiwa na bahasha.

"Mama Linda, karatasi zimetoka. Mwanakandarasi anaanza Jumatatu." Alisema akiwa amesimama karibu na mlango, kama mtu anayejiandaa kwa ugomvi.

"Tumesikia, mzee," Nelius alijibu.

Kiunga alipoondoka, mambo yakachemka. Kaberia alipiga ngumi mezani mpaka skrubu zikaruka. "Hatutoki! Nani alisafisha hapa? Panya walikuwa wakubwa kama sungura! Watu wote wa mji wako upande wetu. Tukikaa tu, atafanya nini? Aende korti, tena miaka mitano!" Wengine wakaitikia. Hata Jedidah alikuwa amekunja mikono na kutazama chini.

Ukweli ni kwamba sehemu ya moyo wa Nelius ilikuwa inasema maneno yaleyale ya Kaberia. Aliwaza juu ya kurudi nyumbani, akae tena siku nzima mikono ikiwa mapajani. Aliwaza lile lori langoni. Ingekuwa rahisi sana kukaa. Watu tisa, na mji mzima wa kuwapigia makofi.

"Kaberia," alisema hatimaye, "tukikaa, tutapata hii ploti. Labda mwaka, labda mitano. Halafu nakuuliza, nani mwingine katika mji huu atawahi kumfungulia fundi lango lake? Kuna ploti ngapi tupu hapa Meru? Kila moja mwenyewe anaogopa kile Kiunga aliogopa. Tukikaa, tumewaambia wote kwamba walikuwa sawa kuogopa."

"Na tukitoka tunaenda wapi?"

"Sijui." Hakumdanganya. "Lakini nilitia sahihi. Nilisema siku ukisema tokeni, tunatoka. Mimi Jumamosi nitabeba meza yangu. Asiyetaka kubeba yake, sitamlazimisha."

Kaberia alitoka nje bila kuaga. Siku tatu hakuonekana.

Jumamosi asubuhi soko lote lilijua. Watu walijaa kando ya mabati, wengine juu ya mikokoteni, wengine kwenye ngazi za maduka. Nelius alifika akakuta mafundi wote wamesimama, wanangoja. Na kando ya lile jiriwa alisimama Kaberia, mikono ya shati imekunjwa.

"Huyu ni mzito," alisema akilionyesha kwa kidevu. "Nimeona mnaweza kumsahau."

Nelius aliinua mkono, akaushusha. Turubai likashuka kama jani la mgomba. Meza zikajikunja moja baada ya nyingine, tap, tap, tap. Jedidah alivuta kamba ya sare na sweta zote zikaingia guniani kwa mkupuo mmoja. Madebe ya mchanga yakaviringishwa, kabati likatoka kwa magurudumu yake, na watu kando ya mabati wakaanza kuhesabu dakika kwa sauti moja. Zilipofika ishirini na sita, Nelius alikuwa anafagia. Akafagia mpaka langoni, akatoka kinyumenyume, akaweka ufagio juu ya mkokoteni.

Kiunga aliingia ndani peke yake. Alitembea kutoka pembe hadi pembe, polepole, akiangalia chini. Mahali pamoja alisugua udongo kwa kiatu, akitafuta shimo la nguzo, akakosa. Aliporudi langoni, yule mzee mpole wa sauti alipaza sauti mpaka walioko ng'ambo ya barabara wakamsikia.

"Mimi Kiunga nilimwekea mama huyu masharti ili ashindwe! Semeni nimesema! Nilimpa ploti ya panya, na ananirudishia ploti safi, siku niliyoitaka, saa niliyoitaka. Milango na mbao za ujenzi zitakazobaki kwangu ni zake. Na mwenye ploti tupu hapa anayeogopa, aje aniulize mimi!"

Kelele zilizofuata ziliwashtua njiwa kwenye mapaa ya soko. Na kelele zikiwa bado hazijatulia, mzee wa kanisa moja alijipenyeza kati ya watu akamshika Nelius mkono. Walikuwa na kiwanja cha kujengea ukumbi, alisema, na michango ilikuwa inakuja pole pole, pengine miaka mitatu. Nyuma yake alikuwa mama mmoja ambaye mwanawe angejenga akirudi kutoka ng'ambo. Na nyuma ya huyo, mtu wa tatu. Nelius alijikuta anacheka na machozi yanamtoka, na hakuona aibu.

Hawakungoja Jumatatu. Walisukuma karakana yao katikati ya mji, mkokoteni nyuma ya mkokoteni, Kaberia mbele akiwa amelipakia jiriwa kwenye mkokoteni kama bibi harusi, wachuuzi wakiwapungia leso, waendesha bodaboda wakipiga honi. Saa nane mchana walikuwa wamesimika kwenye kiwanja cha kanisa, na mama mmoja aliyewafuata njia yote na pasi yake mkononi alikuwa tayari ameketi kwenye benchi.

Habari kama hiyo haikai mahali pamoja. Wambeti, fundi wa viatu kutoka Mbeere, nyanda kavu za Embu, aliisikia kwa shangazi yake aliyeolewa Meru. Akaja kutazama siku mbili, akashinda wiki nzima. Mwishoni akamwambia Nelius, "Mama, Embu mjini kuna ploti inalala tu karibu na soko. Nimeongea na mwenyewe. Ameniambia yale yale ya kuogopa. Njoo unisemee."

Nelius alikwenda. Alibeba jozi sita za bawaba na akawafundisha Wambeti na wenzake kutengeneza meza, siku tatu mfululizo, mpaka mkunjo ukawa mwepesi kwa kidole kimoja. Siku ya nne mwenye ploti, bwana Njoka, alifika na funguo mfukoni, uso umekunjamana. Nelius alijiandaa kusema, akavuta pumzi. Lakini Wambeti alikuwa ameshatangulia.

"Mzee, angalia hapa," alisema. Akashusha nguzo, akakunja meza, akaviringisha debe, akasimama mbele yake kwenye udongo mtupu kabla bwana Njoka hajamaliza kukohoa. "Hatuchimbi. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, saa sita, njoo ukague. Ukikuta kigingi, tufukuze."

Nelius alirudi nyuma hatua mbili, akaketi juu ya debe, akatazama. Hakuna aliyemhitaji aseme lolote, na furaha iliyompanda kifuani ilikuwa kubwa kuliko ya siku ile ya makofi.

Bwana Njoka alizunguka meza iliyokunjwa, akaigusa kwa ncha ya kiatu. Akatoa funguo. Zilikuwa mbili.

"Hii ni ya hapa," alisema. "Na hii nyingine ni ya kaploti kangu kadogo karibu na stendi, kamejaa taka. Hako mnaweza kuanza lini?"

Wambeti aliwageukia wenzake, akahesabu vichwa, akahesabu bawaba zilizobaki.

"Tupe hadi Jumanne," alisema.